Uso wa Elipendo

Asubuhi Dorkas alipomfikisha Yunisi, kitindamimba wake, darasa la awali kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akakuta kimya asichokizoea. Watoto wakubwa wawili walikuwa shuleni, mumewe Stanley alikuwa kazini kwenye mashine ya kukamua alizeti, na hapakuwa na mtu wa kumwita mama. Alikaa kwenye stuli ya jikoni akausikiliza upepo ukiyavuta mabati. Siku hiyo alikuwa ameingojea miaka tisa, na alidhani ikifika angefurahi.

Akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na cheti chake cha shahada ya sanaa, upande wa uchoraji, aliyoisomea Dar es Salaam. Siku ya mahafali alivaa joho juu ya mimba ya miezi minne. Baba yake, aliyeuza ng'ombe Kinampanda ili binti asome, alikaa mstari wa mbele amevaa koti la kuazima. Mzee yule alifariki miaka mitatu baadaye, na mara ya mwisho walipozungumza kwa simu bado alikuwa anauliza, "Kazi unaanza lini, mama?"

Dorkas akaanza kuitafuta kazi hiyo. Mkuu wa shule moja ya binafsi alikisoma cheti, akakigeuza nyuma kana kwamba huko kuna maelezo mengine, kisha akamwuliza kama ana ualimu.

"Sina, mwalimu. Lakini uchoraji naweza kuufundisha."

"Hapa hatuna somo hilo, mama. Tungekuwa nalo, ningekuomba ualimu."

Sehemu ya pili ilikuwa shirika lililotaka mtu wa kuchora mabango ya afya. Waliomhoji walikuwa watatu, na aliyekaa katikati alikuwa kijana ambaye Dorkas alipokuwa chuo kikuu, yeye labda alikuwa darasa la saba.

"Naona hapa katikati kuna miaka tisa haina kitu," kijana alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalea watoto."

"Sawa. Lakini ulikuwa unafanya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye hajasikia jibu. Dorkas alifungua mdomo, akakumbuka degedege la mtoto wa pili, safari za kliniki na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, sare zilizofuliwa jioni na kuanikwa juu ya jiko zikauke kabla ya asubuhi. Hakuna hata kimoja kilichoweza kusemwa mezani pale. Walimwuliza anatumia programu gani za kompyuta kuchorea. Akaitaja aliyofundishwa chuoni. Wale watatu wakatazamana, na yule kijana akaandika neno moja fupi kwenye karatasi yake.

"Si lazima," Stanley alimwambia jioni. "Si tunakula?"

"Sijasema hatuli."

"Basi unalilia nini?"

Dorkas aliona kumweleza kungekuwa kama kumlaumu, na Stanley hakuwa na kosa. Ni Stanley huyohuyo aliyesikia kazini kwamba mzee Alute, mtengeneza makaburi kwenye barabara ya kwenda Sepuka, anatafuta mtu wa kuandika majina. Mwandishi aliyekuwa naye alikuwa amehamia Dodoma.

Karakana ya mzee Alute ilikuwa banda la mabati lenye uwanja uliojaa misalaba ya zege, mingine ikiwa bado mibichi, na vifuniko vya makaburi vilivyolazwa kwa safu. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa saruji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni wewe mwenye digrii?"

"Ndiyo, baba."

"Digrii sijui nitaiweka wapi. Andika jina hapa, nikuone."

Alimpa brashi na ubao. Dorkas akaandika, na mkono ukatetemeka tangu herufi ya kwanza. Vidole vilivyosonga ugali na kukamua nguo kwa miaka tisa vilikuwa vimekuwa vizito, havisikii. Mzee akautazama ubao.

"Herufi zako zimelala kama wagonjwa," alisema. "Njoo kesho uziamshe."

Kwa mwezi mzima alikuwa anaandika tu. Nyumbani alijizoeza nyuma ya madaftari ya watoto yaliyokwisha, mpaka kidole cha kati kikaota sugu pale ilipokuwa zamani. Herufi zikasimama. Ndipo mzee akamruhusu kuchora sura za marehemu kwa rangi ya mafuta kwenye vibao vidogo vya bati, vya kubandikwa msalabani chini ya kioo. Familia zilileta picha: vitambulisho, picha za harusi, picha kwenye simu. Dorkas alichora, na ndugu walipokuja kuchukua walisema, "Inafanana," kwa ile sauti ya adabu mtu anayosema nayo kuwa chakula ni kitamu huku akisukuma sahani. Alizijua picha zake kuwa hazina uhai. Zamani aliweza kuchora mtu akaonekana anataka kusema kitu. Sasa alichora macho, pua na mdomo, na hapakuwa na mtu.

Mwezi wa nane, upepo ulipokuwa unapuliza vumbi toka asubuhi, aliingia mwanamke mwenye kitenge kichwani na kuku wawili mkononi, wamefungwa miguu. Alikuwa mdogo kwa Dorkas, labda miaka ishirini na sita. Aliwaweka kuku chini, akamwamkia mzee Alute akipiga magoti kidogo, akasema anaitwa Raheli, ametoka Iguguno, na anataka msalaba wa mtoto.

"Pole, mwanangu," mzee akasema. "Mtoto wa miaka mingapi?"

"Minne. Anaitwa Elipendo. Alikamatwa na homa Alhamisi, Jumamosi hayupo. Ni mwezi wa pili wa mwaka huu." Akanyamaza, kisha akaongeza haraka, "Nataka na sura yake. Kama ile." Akaonyesha kibao kilichokuwa kinakauka mezani.

"Lete picha."

"Picha ndiyo sina, baba. Simu yangu ni kitochi, haipigi picha. Shemeji yangu alimpiga picha siku ya ubatizo, simu yake ikaibiwa mnadani. Nimekuja nimweleze tu fundi, na yeye achore."

Mzee akatikisa kichwa. "Hatuchori tusichokiona, mama. Tutakuandikia jina zuri."

Raheli hakubisha. Aliinama kuwachukua kuku wake, na ni kule kuinama bila kubisha kulikomfanya Dorkas aseme, "Nitajaribu."

Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alisema hivyo. Huruma ilikuwepo, hakudanganya. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi mtu alihitaji kile hasa alichokisomea, kitu ambacho kompyuta ya kijana wa mabango isingeweza kukifanya. Moyo wake uliruka kama wa msichana aliyeitwa jina mbele ya darasa.

Wakakaa nyuma ya banda, mahali pasipofika upepo. Dorkas akaweka karatasi kwenye magoti.

"Uso wake ulikuwa wa mviringo au mrefu?"

"Ulikuwa uso wa mtoto."

"Paji la uso je? Lilitokeza?"

Raheli akafikiri. "Alikuwa akiamka anakwenda moja kwa moja kwa kuku. Anawasalimia mmoja mmoja. Halafu ndiyo anakuja kwangu."

"Macho yake?"

"Alikuwa haogopi mtu."

Dorkas akajaribu kuyageuza maneno hayo kuwa mistari. Alichora mtoto mwenye macho makubwa na shavu lililojaa. Raheli akaitazama karatasi akiwa ameinamisha kichwa, akitaka sana impendeze. Mwishowe akasema, "Siye, dada. Nisamehe."

"Usiombe samahani. Tutampata. Utakuja lini tena mjini?"

"Jumanne huwa naleta kuku."

Wiki ile Dorkas alichora nyumbani pia. Alichora akisubiri maharage yaive, alichora watoto wakila. Jioni moja Yunisi alipanda kwenye kiti, akaivuta karatasi.

"Mama, huyu ni mimi?"

Dorkas akatazama. Zile nyusi zilizonyanyuka, kidevu chenye kishimo, sikio la kushoto lililojitenga kidogo. Mkono wake ulikuwa umemchora mtoto ambaye ulikuwa unamwogesha kila siku, kwa sababu huyo ndiye uliyemjua. Karatasi zote za wiki ile zilikuwa za Yunisi.

Stanley alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua karatasi taratibu mkononi mwa mtoto, akaiangalia, na alipoongea sauti yake ilikuwa chini sana.

"Unamchora mwanangu aende kubandikwa kaburini?"

"Sikujua, Stanley. Naapa sikujua."

"Choma."

"Nitachoma."

"Choma sasa hivi, nikiona."

Alizitia zote kwenye jiko la mkaa, na Yunisi akaanza kulia akisema mama anamchoma yeye. Usiku huo mtoto alikataa kulala na Dorkas, akaenda upande wa baba yake. Stanley hakugomba zaidi ya hapo. Lakini tangu siku hiyo, Dorkas akirudi kutoka kazini, alimkuta amekwisha kuwaogesha watoto na kuwalisha, na walikuwa wanaongea vizuri mpaka yeye anapoingia.

Jumanne iliyofuata alimficha Raheli yaliyotokea. Alibadilisha njia. Alimwambia afumbe macho, akachora pua tano tofauti, akamwambia ayafumbue achague. Kisha midomo, kisha nywele. Raheli alichagua kwa bidii, kidole kikisita hewani. "Hii. Hapana, hii." Jumanne ya tatu vipande vikaungana. Dorkas aliyajua macho yale kuwa si ya Yunisi. Aliyachora akijizuia kila mstari, akakaza upande huu, akalegeza upande ule. Na kitu kikatokea ambacho hakikuwa kimemtokea kwa miaka tisa: mtoto wa kwenye karatasi akamtazama. Alikuwa anataka kusema kitu.

Dorkas akamgeuzia Raheli karatasi.

Raheli alinyoosha mkono, akaugusa ule uso kwa ncha ya kidole.

"Ndiye," akasema. Kisha, "Nadhani ndiye."

Akafumba macho. Akakaa hivyo muda, upepo ukirusha vumbi la saruji uwanjani, mzee Alute akigongagonga mahali fulani. Alipoyafumbua yalikuwa na hofu.

"Dada, amekwenda."

"Nani?"

"Mwanangu. Nilikuwa nikifumba macho namwona. Si vizuri sana, lakini namwona. Sasa nikifumba namwona huyu wa kwako." Akaanza kutafuta, akifumba na kufumbua, kama mtu anayepapasa mfukoni. "Zile pua ulizonionyesha. Nilikuwa najua yake mpaka uliponionyesha nyingi. Dada, nisaidie. Ilikuwaje?"

Dorkas alitaka kuichana karatasi, Raheli akaudaka mkono wake.

"Usimchane! Kama ni yeye je?"

"Basi nenda naye."

"Siwezi. Nikikaa naye nyumbani yule mwingine hatarudi." Alisimama, akajifunga kitenge upya kiunoni. "Kaa naye wewe. Kwenye msalaba andika jina tu."

Mzee Alute alikuwa amesikia. Raheli alipokwisha kuondoka alikuja, akaitazama ile karatasi, na kwa mara ya kwanza akampa sifa.

"Hii umechora," alisema. Kisha akarudi kwenye saruji yake, na Dorkas alitamani angemgombeza.

Msalaba waliupeleka Iguguno mwezi wa tisa, kwenye gari la kukodi, na Dorkas alikwenda kwa sababu mzee alitaka aikague rangi baada ya msalaba kusimikwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, mabua makavu yamesimama. Raheli aliwapokea vizuri, akawaandalia ugali na kuku. Hawakuongea habari ya picha. Alisoma jina la mwanawe msalabani, ingawa lilikuwa moja tu, akalisoma mara mbili, akasema ni zuri. Alikuwa amekonda.

Dorkas akarudi kwenye kazi yake. Ile karatasi aliiweka kwenye droo ya karakana, uso chini. Kazi ziliongezeka, kwa sababu mkono ulikuwa umerudi kweli. Sasa ndugu wa marehemu walipokuja kuchukua vibao vyao hawakusema inafanana. Walinyamaza, au waligeuka pembeni. Mjini watu walianza kumtaja. Dorkas alijua mkono ule ulirudia wapi, na kila alipoona sura imekaa vizuri alimkumbuka mwanamke akipapasa gizani ndani ya kichwa chake.

Mwezi wa kumi na moja Raheli akatokea tena, safari hii bila kuku. Alikuwa na simu ya mtu, kubwa, ameifunga ndani ya leso.

"Shemeji alikuwa amemrushia dada yake wa Kiomboi ile picha ya ubatizo," alieleza. "Huyo dada hakujua kama tunaitafuta. Amekuja juzi, akanionyesha. Simu ni yake, nimeiazima mpaka jioni."

Akaifungua. Kwenye kioo alionekana Raheli mwenyewe akiwa mnene kidogo, anacheka, na mapajani mwake mtoto wa miaka kama miwili, aliyevaa gauni jeupe lenye marinda. Uso ulikuwa mrefu. Paji lilitokeza. Macho yalikuwa madogo, yenye mashaka, yanamtazama mpiga picha kama mtu asiyemwamini. Hakufanana hata kidogo na yule wa kwenye droo.

Dorkas akaisogeza simu karibu. "Raheli. Ndiye?"

"Nimekuja nikuulize wewe."

"Mimi sikumwona, mdogo wangu."

"Najua ndiye. Gauni nililishona kwa mkono wangu, angalia, rinda hili lilinishinda. Na mimi nimempakata." Alikuwa anaongea polepole, kama anayemweleza mgeni njia. "Ndugu wote walipomwona walilia. Mama mkwe aliibusu simu. Mimi nikasimama pale. Moyo haukuruka, dada. Niliona mtoto mzuri amepakatwa na mimi. Walidhani machozi yamenikauka."

Dorkas akamshika mkono. Ulikuwa mgumu, wenye sugu ya jembe, na haukumkaza wala haukujitoa.

"Ni mimi niliyekufanyia hivi. Mzee alikataa, mimi nikakubali. Nilitaka nione kama bado naweza."

Raheli alimtazama. Dorkas alikuwa tayari kwa lolote, hata kwa matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Mimi ndiye niliyekuja na kuku wangu," Raheli alisema. "Nichoree huyu. Labda nikimwona kila siku pale msalabani nitamzoea."

Nitamzoea. Dorkas aliondoka na neno hilo, akalichukua mpaka kwenye meza yake. Alichora kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, simu imeegemezwa kwenye kopo la brashi, na kila ilipozima Raheli aliigusa iwake. Hakuongeza kitu chochote cha kwake. Alichora paji lile, macho yale yenye mashaka, na mdomo uliobanwa wa mtoto anayetaka kushuka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, hata zile za chuoni, na alijua hivyo alipokuwa akiimalizia, na hakuna furaha yoyote iliyokuja.

Raheli akakipokea kibao kwa mikono miwili.

"Asante, dada. Ni mzuri," alisema. Akasita. "Yule mwingine bado unaye?"

"Ninaye. Nimchome?"

"Naomba nimwone mara moja tu."

Dorkas akafungua droo, akaigeuza karatasi. Na pale uso wa Raheli ukafunguka. Machozi yakamtoka yenyewe, mengi, bila sauti, akamwita yule mtoto wa karatasi kwa jina, kisha akamwita mama wa mama, kama wanavyoitwa watoto wa kike huko kwao. Alikaa naye hivyo mpaka kondakta wa basi la Iguguno alipompigia simu kumwambia wanaondoka. Ndipo akairudisha karatasi drooni mwenyewe, akaifunga, akajifuta kwa leso ileile iliyofungia simu.

"Nitakuja Jumanne," alisema.

"Njoo."

Akaenda zake amekishika kibao kwa kingo, rangi bado mbichi, akivuka barabara bila kutazama pembeni, dereva wa lori akimpigia honi. Dorkas alibaki mlangoni mwa banda. Nyuma yake mzee Alute alikuwa amesimama na mzee mwingine na binti mmoja, waliotoka Kinampanda na picha ya mama wa yule binti ndani ya bahasha.

"Huyu ndiye fundi wetu," mzee Alute aliwaambia. "Amesomea."

Dorkas akawaamkia, akanawa rangi mikononi, akapokea bahasha.